Jani la Kunde Lisilo na Tundu

Jani la kunde lisilo na tundu silipendi. Nikiliona naligeuza, nalinusa, nauliza limetoka kwa nani. Watu wa mjini wanataka mboga iliyonyooka, haijaguswa na mdudu. Mimi nawaambia, kama mdudu mwenyewe ameikataa, wewe unaila kwa ushujaa gani? Mume wangu anasema nimezaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita, eti hata nikipewa maji kwanza natazama ndani ya kikombe. Ni kweli natazama. Nimeshakuta sisimizi humo zaidi ya mara moja, na yeye alishakunywa.

Sisi ni kikundi cha wanawake, upande wa Ruaruke. Nyumba zetu ziko juu pamoja na mikorosho ya waume zetu, na chini yake kuna bonde. Masika yakiisha, udongo wa bondeni unabaki na unyevu muda mrefu, na huko ndiko tunakolima mboga: kunde, mchicha, bamia, matembele. Alikuja dada mmoja kutoka Dar kutufundisha kilimo ikolojia. Mboji, matandazo, kuchanganya mimea, kupambana na wadudu kwa mwarobaini na pilipili badala ya chupa ya dukani. Siku ya kwanza nilikaa nyuma, nimekunja mikono. Wangapi wamekuja na mafunzo, wakatupiga picha tumeshika majembe, wakapotea? Nikamwuliza mbele za watu, "Na wewe dada, unauza nini?" Akacheka, akasema hauzi kitu. Nikajisemea, asiyeuza kitu ndiye wa kuangaliwa sana. Mwaka uliofuata akarudi, na mboji ilikuwa imefanya kazi, na kunde zimenenepa. Nikahamia mstari wa mbele.

Ndipo shule ya msingi ikaanza kupikia watoto chakula cha mchana. Walimu na wazazi wakakubaliana mboga itoke kwetu, kwa sharti moja: dawa ya dukani isiguse hata jani. Nani atapima? Hakuna mtaalamu wa kuja kila wiki, basi tukaamua kukaguana wenyewe. Tunaingia kwenye kitalu cha mwenzetu, tunaangalia, tunanusa, tunauliza. Mmoja akikutwa na dawa, ametoka, na kikundi kizima kinaweza kufukuzwa jikoni kwa shule. Mjukuu wangu anasoma pale darasa la pili, anakula pale. Sheria ile niliipenda kuliko wote, na nikachaguliwa kuwa mkaguzi. Nani mwingine angefaa?

Jirani yangu kitalu chake kimepakana na changu, mfereji mmoja tu katikati. Ni mdogo kwangu, huniita dada. Aliachwa na mumewe akarudi kwao na wanawe, hana mkorosho hata mmoja, kitalu kile ndicho baba na ndicho mama. Akitolewa kwenye kikundi, hana pa kushika. Kwa kuwa ana baiskeli, kikundi kilimpa kazi ya kukusanya mafungu yetu ya mboga kila asubuhi ya zamu na kuyapeleka shuleni. Kunde zake mbegu alipewa na shangazi yake wa kijiji cha Mkongo, jani lake refu, jembamba. Zangu jani pana. Na mafungu hayafanani pia, kila nyumba ina mkono wake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kufunga kwa kamba ya mgomba: unazungusha mara mbili, ncha unaipitisha chini, unaichomeka upande wa kushoto. Hakuna fundo. Mpishi akivuta, fungu linafunguka lenyewe.

Msimu huo nilitengeneza dawa ya kienyeji ambayo haijapata kutokea. Wenzangu wananyunyizia kwa kichala cha majani, chovya-rusha, chovya-rusha, nusu inawarudia usoni. Mimi nilitwanga mwarobaini, nikaloweka na pilipili kichaa na kitunguu saumu, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kwenye bomba la mgongoni la mume wangu, nikapita mstari kwa mstari kama fundi. Siku ya pili viwavi chali! Nikaita watu waje waone. "Mwarobaini ni mikono," nikawaambia. "Mwarobaini wa mvivu hauui hata nzi." Walicheka, wengine kwa wivu, nikajua.

Lakini kunde za jirani nazo hazikuwa na tundu. Na sijawahi kumwona akitwanga mwarobaini. Harufu ya pilipili haikutoka kwake hata siku moja, na mimi pua yangu haidanganyi, au ndivyo nilivyoamini. Basi anaua wadudu kwa nini?

Halafu kuku wangu akafa. Mtetea mwekundu, mama wa vifaranga, mchana kutwa alikuwa bondeni akichakura pale mferejini. Jioni akaja anapepesuka, shingo imelegea, akafia mlangoni. Kesho yake vifaranga wake. Watu wakasema kideri. Kideri gani kinachochagua kuku wanaoshinda bondeni tu, kikawaacha wa jalalani? Nilisimama kwenye mfereji nikatazama kitalu cha jirani, zile kunde zake zinazong'aa, nikasema, dalili ya mvua ni mawingu.

Wiki ile ile nikaona jirani amewafunga kuku wake. Amewafungia ndani ya banda la fito, hawatoki. Watu wetu hawafungi kuku wakati bondeni kuna wadudu, kuku wanajitafutia. Nikamwuliza kwa upole, upole wangu mnaujua, "Mbona umewafunga, wamefanya kosa gani?"

Akaangalia chini. "Basi tu, dada. Nimeona wakae ndani."

Basi tu! Mtu akikujibu basi tu, ujue kuna kitu. Kama kitalu chake ni safi, anawafungia nini? Niliona wazi kwamba anajua kilicho chini ya zile kunde, anaokoa kuku wake, wangu wafe. Nikamweleza mume wangu. Alikuwa anakaza kamba ya kitanda, hakuinua hata kichwa. "Mke wangu, mwache mtoto wa watu." Waume wa watu ndivyo walivyo, jambo la kuku haliwaumi mpaka siku ya mchuzi.

Nikaanza kumvizia. Nikishaswali alfajiri sikurudi kulala, nakaa kwenye kibaraza cha jikoni natazama bondeni. Na kweli, mwanamke yule anashuka kungali na giza jembamba, kanga amejifunga mpaka puani, mkononi ndoo yenye kifuniko. Anainama. Anakwenda mstari hadi mstari, anainama tena. Kunapopambazuka sawasawa anapanda na ndoo yake, kifuniko kimebanwa. Siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikamwambia mwenzangu mmoja wa kikundi kisimani, "Mtu anayezunguka bondeni saa hiyo na ndoo iliyofunikwa, kama si mpiga dawa, basi ni mwanga anayerudi kuwanga." Nilisema kwa mzaha nusu. Nusu nyingine ilikwenda kijiji kizima.

Kilichonichoma hasa kilikuwa shimo. Nyuma ya nyumba yake kuna shimo la taka, mbali na shimo lake la mboji. Nilipita njia ya pale, njia ni ya watu wote, nikachungulia. Nikaona mafungu ya kunde. Yamenyauka, yamerushiwa mchanga juu, lakini kamba naijua: mizunguko miwili, ncha kushoto. Yangu! Mafungu niliyompa mwenyewe mkononi ayapeleke shuleni. Jani pana, langu hilo, kwenye shimo la takataka, hata la mboji limenyimwa.

Loo! Nilipiga ukelele pale pale. "Mwizi wewe! Muuaji wa kuku! Unatupa mboga yangu ili yako ndiyo ionekane!" Akatoka ndani na mwiko mkononi, akasimama. Nilisubiri ajibu. Mtu asiye na hatia hupayuka, mimi ningepayuka mpaka Kibiti wasikie. Yeye alisema tu, "Dada, tafadhali, tuongee ndani." Ndani nifuate nini, nikawekewe kitu kwenye chai? Nikageuka, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu, nikasema nataka akaguliwe, na akikutwa atolewe, na baiskeli yake apeleke magunia ya watu wengine.

Mwenyekiti ni mwanamke wa maneno machache. Akasema, "Sawa. Keshokutwa. Lakini unajua desturi yetu, anayenyoosha kidole anakaguliwa kwanza." Nilicheka. Nilisema waje hata na taa, kwangu wataona mpaka mizizi.

Siku hiyo walikuja wote, kiasi cha wanawake kumi na jirani nyuma yao. Asubuhi mafungu yangu yalikuwa yamepanda baiskeli yake kama kawaida, maana zamu ni zamu na mwingine mwenye baiskeli hatuna. Nilikuwa nimefagia mpaka njia ya kwenda kitaluni. Wakaona matandazo, wakaona shimo langu la mboji, wakageuza majani, hakuna tundu. "Mashaallah," mmoja akasema. Mwenyekiti akaniuliza napulizia kitu gani na kwa chombo gani. Nikawapandisha nyumbani, nikawaonyesha ndoo ya mwarobaini, ikapita kwa kila pua, watu wakapiga chafya. Halafu nikaingia stoo nikatoka na bomba, nimelibeba kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto wa siku arobaini. Mwenyekiti akafungua kifuniko, akainamisha bomba atazame ndani.

Mume wangu alikuwa amekaa kivulini, anakoroga salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa kijiti. Akapaza sauti, "Jamani, taratibu, msimwage! Kuna dawa yangu humo chini."

Mwenyekiti akalisimamisha bomba.

"Dawa gani?" nikauliza.

"Ya maji, ile ya mbu wa mikorosho, wadudu wanaokausha machipukizi. Ikibaki siimwagi, si ya bure ile. Naiacha humo humo, kesho naongezea." Akatutazama mmoja mmoja, akaanza kuelewa. "Kwani wewe huwa huimimini pembeni kwanza?"

"Nimimine nini? Mimi najua umeosha!"

"Mimi najua unaosha wewe!"

Mama wee. Miaka yote tuliyooana tumegombana juu ya chumvi, juu ya ndugu zake, juu ya mlango usiofungwa, na jambo hili moja hatukuwahi kuulizana. Msimu mzima nilikuwa nimebeba sumu mgongoni nikiiita mwarobaini. Harufu ya kitunguu saumu na pilipili ilikuwa imefunika kila kitu, na ile pua yangu, ile niliyojivunia, ilikuwa imekaa usoni kama pambo. Viwavi chali siku ya pili! Niliwaita watu waje kutazama! Na sisi tumekula zile kunde, mume wangu ameziomba kila Ijumaa na nazi. Akasema, "Mbona tuko hai?" Nilimtazama mpaka akanyamaza.

Mwenyekiti akafunga kifuniko polepole, akasema kwamba bado tuna kwa jirani, desturi ni desturi. Nilitaka kubaki. Akanishika mkono, hakuuachia.

Kwa jirani hakukuwa na bomba wala chupa. Palikuwa na ndoo. Mwenyekiti akamwomba aifunue, akaifunua. Viwavi. Viwavi wa kijani, panzi waliolowa umande, mende wa kunde, wamejazana chini wanapandana. Akachukua konzi, akawarushia kuku bandani, wakagombania.

"Nawaokota kwa mkono," akasema, "kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Pilipili na sabuni za kutengenezea dawa sikuwa nazo. Nikificha, ni kwa sababu mwanamke asiye na mume akionekana bondeni alfajiri na ndoo, najua ataitwa nani."

Wote walinitazama mimi. Kumbe ile nusu nyingine ilishafika kila nyumba.

Kichwa kiliniwaka. Mtu mwingine pale angeinamisha uso. Mimi nikauliza, kwa sababu shaka yangu haifi kirahisi, "Na mafungu yangu? Hayo nayo uliyaokota?"

Akaweka ndoo chini. "Dada, kuku wangu walianza kufa kabla ya wako. Wangu wanavuka mfereji wanakula kwako. Nikawafunga, wakaacha kufa. Sikuwa na ushahidi mwingine. Tangu hapo fungu lako halijafika shuleni."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sijui. Ulikuwa hujaanza kubeba bomba, nadhani. Sijui."

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele, nakiri nilipiga kelele. "Tunapakana! Unanisalimia kila asubuhi! Mimi ni mkaguzi! Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama machoni, mara ya kwanza msimu ule. "Nikuambie wewe, dada? Ungeniamini?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Lakini ningedanganya. Nilijiona vizuri tu: angekuja mlangoni kwangu kusema kunde zangu zinaua, ningemwuliza nani kamtuma. Ningesema anataka zamu yangu. Ningemfukuza kwa ufagio, halafu ningemvizia zaidi. Nilimkasirikia kwa kunijua kiasi kile.

Mwenyekiti akatoa uamuzi pale pale. Kunde zangu zing'olewe zote, zifukiwe mbali na kisima. Kitalu kipumzike. Nisilete hata jani mpaka kikundi kiridhike, na nikirudi nirudi na mdhamini. Kisha shule iambiwe leo leo, ijue na iamue yenyewe kama bado inatutaka. Jirani akasema, "Mdhamini nitakuwa mimi." Alisema haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. Nikasema shuleni nitakwenda mwenyewe.

Nilikwenda kwa miguu, na njiani shaka ilinirudia, maana ndiyo rafiki yangu wa siku nyingi. Halijafika hata fungu moja? Nani aliona? Yeye ndiye mpeleka mboga, yeye ndiye msemaji. Zamu yangu ilipotakiwa kujazwa ilijazwa na nini? Shuleni wanahesabu mafungu ya kila mmoja wetu, yangu yangekosekana wangeuliza siku ya kwanza tu. Hawakuuliza. Kwa hiyo labda yale ya shimoni yalikuwa ya siku moja, na mengine yamekwenda, na mjukuu wangu amekula. Nilipofika jikoni kwa shule sikungoja hata kukaribishwa.

Mpishi, mama mnene mchangamfu, alikuwa anaosha sufuria. Nikamwuliza kabla hata ya salamu kukamilika, "Mafungu yangu yanafika?"

"Yako?" akasema. "Yako hayajakosa hata siku moja. Hata leo asubuhi yameletwa. Nayapenda yako, ukivuta tu yamefunguka."

Muongo! nikasema moyoni. Muongo yule mwanamke, na macho yake makavu! Watoto wamelishwa! Nikamwambia mpishi anionyeshe. Akasogeza ungo kutoka pembeni, akaondoa kitambaa. Yalikuwepo, yamepangwa. Kamba ya mgomba, mizunguko miwili, hakuna fundo. Mkono wa mama yangu kabisa. Nilishika moja, sikungoja vidole, nikalivuta kwa meno kama mwehu, likafunguka.

Jani lilikuwa refu, jembamba.

Nikashika la pili. Refu, jembamba. La tatu hivyo hivyo. Mwanamke asiye na kitu alikuwa amevuna kitalu chake mara mbili, kwa zamu yake na kwa zamu yangu, akakaa chini akajifunza kufunga kama mimi, nisije nikakosekana hapa na mtu akauliza sababu. Nikaigeuza kamba ya lile la tatu kabla sijaivuta. Ncha ilikuwa imechomekwa upande wa kulia.

"Vipi, mama," mpishi akauliza, "kuna ubaya?"

Nilimweleza yote, kuanzia bomba, sikumficha. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Nilipomaliza akanyoosha kidole kwenye ungo, akauliza kama na haya ayatupe. Nikamwambia hapana, haya apikie watoto. Lile la tatu lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikalikung'uta maji, nikalirudisha kwenye ungo kama lilivyokuwa, ncha upande wa kulia.